Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Ankit Fadia na sifa ya wataalamu vijana wa usalama wa kompyuta

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa informatiki wa hapa Lubumbashi na kwa wazazi wanaowalipia masomo. Karibu kila mwaka wa shule kijana mmoja huja na kitabu cha Ankit Fadia kwenye simu yake na kuuliza kama huyo ndiye wa kufuatwa, na mwingine huja na habari kwamba mtu huyo huyo ni tapeli. Majibu yafuatayo yanaeleza kile kinachojulikana hadharani, yanatenganisha madai na ushahidi, na yanaonyesha namna ya kumpima mtaalamu yeyote anayejitangaza, awe wa India, wa Ulaya au wa Kampemba, hapa hapa mjini.

Ankit Fadia ni nani?

Ni raia wa India aliyezaliwa mwaka 1985. Alianza kujulikana nchini mwake mwaka 2001, pale kampuni ya uchapishaji ya Macmillan ilipotoa kitabu chake kuhusu udukuzi wa kimaadili, yaani kuingia katika mifumo ya kompyuta kwa idhini ili kutafuta kasoro zake, wakati yeye mwenyewe alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Magazeti yalimpokea kama kijana wa ajabu. Alialikwa kutoa mihadhara katika vyuo vingi, akaandika vitabu vingine, akasoma katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, na mwaka 2009 akawa mtangazaji wa kipindi cha teknolojia kwenye televisheni ya MTV India. Kulikuwa pia na kozi yenye jina lake, iliyotolewa kwa ushirikiano na Reliance World, ambayo mwishoni mwake mwanafunzi alipewa cheti cha udukuzi wa kimaadili.

Kwa nini sifa yake inabishaniwa, ikiwa amefanya yote hayo?

Kwa sababu mambo hayo yanaonyesha kwamba alikuwa maarufu, lakini hayaonyeshi kwamba alikuwa mtaalamu wa kiwango alichojitangazia. Wataalamu wa usalama wa kompyuta, ndani na nje ya India, walipoanza kuuliza ni mwanya gani wa usalama katika programu aliougundua, ni programu gani aliyoiandika, au ni utafiti gani aliouchapisha na wenzake wakaukagua, hawakupata kitu cha kukishika mkononi. Walichopata ni masimulizi, na masimulizi hayo yote msimulizi wake ni Fadia mwenyewe.

Lawama nyingine ni ya kunakili. Tovuti ya attrition.org, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na sehemu maalumu ya kufuatilia watu wanaojikweza katika fani hii, ililinganisha maandishi ya vitabu vyake na maandishi yaliyokuwapo kwenye intaneti kabla yake, ikadai kwamba sehemu kubwa zilichukuliwa kwa waandishi wengine bila kuwataja. Lawama hii ndiyo nzito kuliko zote, kwa maana haimtaki msomaji amwamini yeyote: kurasa mbili zikiwekwa pamoja, kila mwenye macho anaweza kuzisoma na kuamua.

Wapo pia waliohudhuria mihadhara yake wakasema kwamba walifundishwa mbinu zilizopitwa na wakati, kama vile kukwepa kizuizi cha tovuti shuleni, mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyapata mwenyewe kwa jioni moja ikiwa umeme haujakatika. Lawama hiyo ya tatu haina uzito ule ule, kwani kuwafundisha watu wanaoanza mambo mepesi si kosa. Kosa huja pale mambo mepesi yanapouzwa kwa bei na jina la mambo mazito.

Je, ni kweli kwamba aliwasaidia wapelelezi wa Marekani kufungua ujumbe wa Al-Qaeda?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu. Fadia alidai kwamba baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 aliombwa na idara ya upelelezi ya Marekani asaidie kufungua barua pepe iliyofichwa ya mtandao wa Al-Qaeda. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 16. Dai hilo lilirudiwa na magazeti mengi, likaingia katika matangazo ya mihadhara yake, lakini hakuna ushahidi wa kukaguliwa uliotolewa hadharani kulithibitisha.

Tulichunguze dai lenyewe kwa upande wa ufundi. Ujumbe unaweza kufichwa kwa njia mbili zilizo tofauti sana. Njia moja ni kuuingiza ndani ya faili nyingine, kwa mfano picha, ili anayeiona picha asijue kwamba ndani yake kuna maneno. Ikiwa hakuna ulinzi mwingine, kijana mwenye bidii na programu inayofaa anaweza kuugundua. Njia nyingine ni kuusimba ujumbe kwa ufunguo, yaani kuugeuza uwe maandishi yasiyosomeka bila siri maalumu, kama inavyofanya programu ya PGP ambayo Phil Zimmermann aliitoa mwaka 1991. Ujumbe uliosimbwa vizuri haufunguliwi kwa kipaji. Hufunguliwa na mwenye ufunguo, au na aliyeuiba, au na aliyelibahatisha neno la siri lililo dhaifu, au na aliyegundua kosa katika programu yenyewe. Kwa hiyo mtu akisema ameufungua ujumbe kama huo, wenzake katika fani wana haki ya kumwuliza ni programu gani iliyotumika, ufunguo ulikuwa na urefu gani, na kosa lilikuwa wapi. Simulizi iliyosomwa magazetini haikujibu hata swali moja kati ya hayo.

Baadhi ya wanafunzi hutetea kwa kusema kwamba kazi ya upelelezi ni siri, na hivyo mhusika hawezi kueleza. Ni kweli kwamba ni siri. Lakini mtu aliyeapa kutunza siri hunyamaza kabisa. Haitumii siri hiyo kujitangaza na kisha kukimbilia ndani yake pale anapoulizwa maswali. Aidha, Marekani ina idara ya NSA, iliyoundwa mwaka 1952 kwa ajili ya kazi hii hasa, yenye wanahisabati na mashine ambazo hakuna nchi iliyozizidi kwa urahisi. Kwamba idara za nchi hiyo zilikwama zikamwita mwanafunzi wa sekondari wa Delhi ni jambo ambalo si muhali kimantiki, ila ni zito mno kukubaliwa kwa neno la mtu mmoja.

Na ile hadithi ya gazeti la CHIP?

Fadia alisimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka 14 aliingilia tovuti ya gazeti la kompyuta la CHIP, toleo la India, akabadilisha ukurasa wake wa mbele, kisha akamwandikia mhariri kukiri, na mhariri akampa nafasi ya kazi badala ya kumshitaki. Gazeti la Forbes India lilifuatilia kisa hicho kwa kuwauliza wahariri waliopita CHIP kwa vipindi mbalimbali, na hakuna aliyekumbuka tukio kama hilo.

Wanafunzi wanapaswa kukitazama kisa hiki kwa makini kuliko kile cha Al-Qaeda, ingawa hakina vita wala wapelelezi. Hapa mashahidi walikuwapo, walikuwa na majina, na mwandishi mmoja tu mwenye subira alitosha kuwafikia. Kilichokosekana kwa miaka yote ile ni mtu wa kuwauliza.

Mbona basi vyombo vya habari vilimwamini kwa muda mrefu?

Miaka ile India ilikuwa inajivunia kupanda kwake katika biashara ya kompyuta, na hofu ya ugaidi ilikuwa imetanda duniani kote. Kijana mpole, anayejieleza vizuri kwa Kiingereza, aliyetoa kitabu akiwa shuleni, alikuwa habari ambayo mhariri haiachi. Wengi wa waandishi waliomhoji hawakuwa na ujuzi wa kupima alichosema, na kwa haki yao, hata hapa kwetu ni redio ngapi zenye mtu anayeweza kumhoji mtaalamu wa mtandao na kujua ni wapi amepotosha?

Baada ya gazeti la kwanza, la pili lilinukuu la kwanza. La tatu lilinukuu yote mawili, na sasa dai lililotoka kwenye kinywa kimoja likaonekana lina mashahidi watatu. Mwaka 2015 bado, miaka mingi baada ya wataalamu kuanza kulalamika, Fadia alitangaza kwamba ameteuliwa kuwa mmoja wa mabalozi wa mpango wa serikali ya India uitwao Digital India, na tangazo hilo likazusha upinzani mkubwa miongoni mwa wanafani wa nchi hiyo.

Nimesoma kwamba alipewa tuzo ya tapeli. Je, hiyo si hukumu tosha?

Hapana. Mwaka 2012, katika mkutano wa wadukuzi wa DEF CON ambao hufanyika Las Vegas tangu mwaka 1993, alitajwa kuwa tapeli wa mwaka katika fani ya usalama. Tuzo hiyo ilikuwa ya kumkejeli, na ilitolewa na watu waliokwisha kukata shauri. Inaonyesha jinsi wanafani walivyomwona, na hilo lina maana yake, lakini si hukumu ya mahakama wala si ripoti ya uchunguzi. Mwanafunzi anayetaka kumkosoa Fadia afanye hivyo kwa kurasa zilizolinganishwa na kwa mashahidi waliohojiwa. Akitumia kejeli peke yake atakuwa amefanya lile lile lililofanywa na magazeti ya kumsifu, yaani kupokea neno la wengine bila kulipima.

Tovuti yake mwenyewe iliwahi kudukuliwa. Mlinzi aliyeibiwa nyumbani kwake ni mlinzi gani?

Hoja hii hupendwa sana, na ni dhaifu. Kampuni ya RSA, ambayo vifaa vyake vya kuthibitisha utambulisho vilitumiwa na mabenki na majeshi, iliingiliwa mwaka 2011. Mwaka huo huo kundi la wadukuzi la Anonymous liliingia katika kampuni ya usalama ya HBGary Federal na kumwaga barua pepe zake hadharani, na mwaka 2015 kampuni ya Hacking Team ya Italia, iliyokuwa ikiziuzia serikali programu za upelelezi, ilivuliwa siri zake zote. Ndani ya kampuni hizo walikuwamo watu wenye ujuzi wa kweli. Tovuti ya mtu binafsi, ambayo mara nyingi huwekwa kwenye seva ya kukodi pamoja na tovuti za wengine, haipimi akili ya mwenye jina.

Je, wapo vijana maarufu ambao umaarufu wao una msingi?

Wapo, na ni vizuri wanafunzi wawajue. Mwezi wa Machi 2019 ilitangazwa kwamba Santiago Lopez wa Argentina, akiwa na umri wa miaka 19, amekuwa mtu wa kwanza kufikisha zawadi za dola milioni 1 kupitia HackerOne, jukwaa ambalo kampuni hulitumia kuwalipa watu wanaogundua kasoro katika mifumo yao na kuzieleza kwa utaratibu. Hapo hakuna simulizi ya kuaminiwa. Kampuni yenye mfumo imeikagua kasoro, imekubali kwamba ni ya kweli, na imelipa pesa.

Mfano mwingine ni mgumu zaidi, na kwa maoni yetu ndio wenye manufaa makubwa kwa mwanafunzi. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilianza kufunga kompyuta duniani, ikagusa zaidi ya nchi 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Marcus Hutchins, Mwingereza wa miaka 22 aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwao katika mji mdogo wa Ilfracombe, aliona ndani ya programu hiyo anwani ya tovuti ambayo haikuwa ya mtu, akaisajili kwa dola kama kumi, na kuenea kwa WannaCry kukasimama. Mwenyewe alieleza wazi kwamba alipoisajili hakujua kuwa ingesimamisha shambulio. Magazeti yakamfanya shujaa wa dunia.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo alikamatwa Las Vegas, akishitakiwa kwa kuhusika na Kronos, programu ya kuiba taarifa za benki aliyoiandika alipokuwa bado kijana mdogo. Mwezi wa Aprili 2019 alikiri makosa mawili, na mwezi wa Julai jaji wa Milwaukee alimhukumu kifungo alichokwisha kukitumikia pamoja na mwaka mmoja wa uangalizi. Jina la Hutchins nalo limebishaniwa, lakini ubishi wake ni wa namna nyingine kabisa. Hakuna aliyeuliza kama anajua kazi. Hata makosa yake yalithibitisha kwamba anaijua. Swali lilikuwa ni mtu wa tabia gani. Kwa Fadia, wakosoaji wanauliza kama ujuzi uliotangazwa ulikuwapo. Maswali haya mawili yasichanganywe, kwa sababu mtu anaweza kuwa mwaminifu bila kujua kazi, na anaweza kuijua kazi vizuri sana bila kuwa mwaminifu, na mwajiri anahitaji majibu ya yote mawili.

Hapa Lubumbashi nitampimaje anayejiita mtaalamu?

Mwombe kazi yake, usimwombe sifa zake. Kasoro nyingi zinazogunduliwa katika programu zinazotumiwa na watu wengi hupewa namba ya CVE, utaratibu ulioanza mwaka 1999 chini ya shirika la MITRE la Marekani, na orodha yake iko wazi kwa kila mtu mwenye intaneti. Mtu akisema amegundua mwanya mkubwa, mwulize namba yake, kisha uitafute mwenyewe na usome ni nani aliyetajwa kuwa mgunduzi. Kampuni kubwa nazo huchapisha majina ya watu zinaowashukuru kwa kuripoti kasoro.

Wataalamu wengi wazuri, hata hivyo, hawana namba ya CVE hata moja. Yule mama anayesimamia mtandao wa hospitali kwa miaka kumi bila data kupotea, au yule kijana aliyeirudisha seva ya shule baada ya kirusi kuifunga, hawamo katika orodha yoyote ya kimataifa. Kwa watu hao wa kuuliza ni wale waliofanya nao kazi, kwa majina, na si kwa barua yenye muhuri tu. Omba pia kuona ripoti waliyoiandika, hata kama majina ya mteja yamefutwa, kwa kuwa mtu aliyefanya ukaguzi wa kweli hueleza alichokijaribu kikashindikana pia. Ripoti ambayo kila kitu ndani yake kilifaulu tunaitilia shaka.

Mwanangu anataka nimlipie kozi ya mtu maarufu yenye cheti. Nilipe?

Mzazi aulize kwanza mtihani ukoje. Cheti cha OSCP, cha kupima uwezo wa kuingia katika mifumo kwa idhini, kinaheshimiwa kwa sababu mtahiniwa hupewa kompyuta halisi za kuingia, kwa muda wa karibu saa 24, kisha huandika ripoti ya alichokifanya. Cheti kinachotolewa kwa kuhudhuria siku mbili katika ukumbi wa hoteli, kikiwa na sahihi na picha ya mhadhiri, kinathibitisha kwamba ada ililipwa. Papa na Mama wanaokusanya dola kidogo kidogo wanastahili kuambiwa hivyo bila kuzungushwa. Kabla ya kulipa chochote, kijana amalize mazoezi ya mtandaoni ya Web Security Academy ya kampuni ya PortSwigger na asome miongozo ya OWASP, shirika la usalama wa programu, ambavyo ni vya bure, kisha aonyeshe alichoelewa. Akikwama hapo, kozi ya mtu maarufu haitamkwamua.

Kuna anayedai anaweza kufungua WhatsApp ya mtu yeyote au kurudisha pesa zilizoibwa kwa M-Pesa. Je, huyo ni mtaalamu?

Usimpe pesa wala simu yako. Mtaalamu hafungui akaunti ya mtu bila ridhaa ya mwenyewe, na kuingia katika mfumo wa mwingine bila idhini ni kosa chini ya sheria ya mambo ya kidijitali ya Kongo, yaani sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Pesa zilizoibwa kwenye simu hufuatiliwa na kampuni yenyewe ya simu na polisi, na kadiri taarifa inavyotolewa mapema ndivyo nafasi ya kuzizuia inavyoongezeka. Anayeahidi njia ya mkato ya siri, mara nyingi anakusudia kukuibia mara ya pili.

Je, kuna jema lolote la kumpa Fadia?

Lipo, na haki inataka lisemwe. Vijana wengi wa India walisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwake kwamba usalama wa kompyuta ni kazi ya halali yenye mshahara, katika miaka ambayo shule nyingi hazikuwa na somo hilo. Aliliandikia kundi la wasomaji ambalo wataalamu wakubwa hawakulijali. Baadhi ya wanaomkosoa leo kwa ukali walianza kwa kusoma vitabu vya aina ile.

Ni nini kingemaliza mabishano haya?

Si jambo kubwa. Kwa kisa cha CHIP, tarehe ya tukio na jina la mhariri aliyeandikiwa. Kwa vitabu, orodha ya waandishi ambao maandishi yao yalitumika, ikiwekwa katika toleo jipya. Kwa dai la Al-Qaeda, jina la idara iliyoomba msaada na maelezo ya kiufundi ya namna ujumbe ulivyofichwa, kwani baada ya zaidi ya miaka 20 mbinu za wakati ule zimejadiliwa wazi katika vitabu vya chuo. Taarifa hizo zikitolewa na kukaguliwa, majibu ya ukurasa huu yatabadilishwa kulingana nazo.